Simu za Kutoka Bungoma

Simu ya kwanza ilinipata nikiwa na pini tatu mdomoni. Nilikuwa napima pindo la sketi ya shule kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Matisi, Kitale, na mwenye sketi alikuwa amesimama juu ya kiti akingoja. Sauti ya mwanamke, ya upole kupita kiasi, ikaniuliza kama mimi ndiye binti wa mama fulani wa Kamukuywa. Ikamtaja mamangu kwa majina yote matatu, mpaka lile la kitambulisho ambalo hata sisi watoto wake hatulitumii. Ikasema inapiga kutoka hospitalini Bungoma, mama anatakiwa aje kuchukua majibu yake, na simu yake mwenyewe haipatikani.

"Majibu ya nini?" nikauliza.

"Hayo siwezi kuyasema kwa simu. Aje tu, na asije peke yake."

Nikatema pini. "Dada, leo umegonga mwamba. Mamangu ni mzima, na mimi si mjinga. Jaribu kwingine." Nikakata.

Msinilaumu kabla hamjanisikia. Mwezi mmoja kabla ya hapo, jirani yangu anayeuza mitumba alipigiwa vivyo hivyo: ati mtoto wako ameanguka shuleni, yuko chumba cha upasuaji, tuma pesa ya damu sasa hivi. Akatuma akilia. Mtoto alikuwa darasani, amekaa dawati la mbele, anasoma. Tangu siku hiyo, nikiona namba nisiyoijua nilikuwa naanza kukasirika kabla sijapokea. Na hata zamani sikuwa mtu wa kuamini ovyo. Nikikatiwa kitambaa mita tatu dukani, nakipima tena palepale mbele ya mwenye duka, akinuna anune.

Yule mwanamke akapiga mara nne zaidi. Mara ya tatu alitumia namba nyingine, nami nikamwambia nimekaa na askari hapa anatusikiliza. Mara ya tano nilimtukana, tena matusi ya sokoni, yale ambayo siwezi kuyaandika. Kisha nikazizuia namba zote mbili zisinipigie tena. Jioni nikamsimulia mume wangu huku nikicheka. Yeye hakucheka.

"Si umpigie mama umuulize?" akasema.

Nilipiga siku tatu, mteja hapatikani. Simu ya mama hukaa bila chaji hata juma zima. Jumapili nikampata.

"Mama, we uko mgonjwa?"

"Nani amesema?"

"Hakuna."

"Basi."

Nikaridhika. Mtu wa shuku kama mimi, nimeulizia afya ya mtu nikajibiwa kwa swali, na nikaridhika! Nikikumbuka hapo najichukia mpaka leo.

Wakati huo shuku zangu zote zilikuwa zimeelekezwa kwingine. Mama ni mjane, ana shamba la ekari mbili na nusu, na huuza nyanya sokoni Kamukuywa. Tangu Krismasi alikuwa amebadilika. Alivaa sweta jua likiwaka. Mtoto wangu wa mwisho alipomrukia kumkumbatia, alimshika mabega akamsimamisha mbali. Kisha shangazi, ambaye meza yake sokoni imepakana na ya mama, akaninong'oneza kwamba mama anaonekana kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Mzee huyo alikuwa amefiwa na mke, na alikuwa na kawaida ya kwenda Suam kila Jumanne kununua mahindi yanayovuka kutoka Uganda.

"Anakaa mbele," shangazi akasema. "Mbele kabisa, na kitambaa cha kichwa kipya."

Hayo yalinitosha. Mzee mjane, mama mjane, ekari mbili na nusu kando ya barabara. Nikajua hapa ni mapenzi ya uzeeni au ni hati ya shamba, na kati ya hayo mawili sikujua lipi ni baya zaidi. Nikaanza kumpigia shangazi kila Jumanne jioni kuuliza kama pikapu imepita. Nilikuwa nashona sare za watoto wa watu huku kichwani nafungua kesi mahakamani.

Kuna jambo sharti mlijue hapa. Mume wangu ni mpiga picha za eksirei katika hospitali moja hapa Kitale. Mashine zile za kuangalia mapafu, mifupa, na hata matiti ya akina mama, ndiye anayeziendesha. Ukoo wetu wote unajivunia yeye. Mjomba akikohoa, huyo Kitale. Binamu akiteguka mguu, huyo Kitale, na akifika anasema kwa sauti kubwa, "Natafuta mkwe wetu." Mtu pekee ambaye hakuweza kwenda ni mama. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yetu mama hajawahi kulala kwangu. Akija hulala kwa jirani, na chai yake huinywea jikoni mlango ukiwa umerudishwa. Sisi tuliona ni heshima, na ni heshima kweli. Hakuna aliyewahi kujiuliza akiugua ataenda wapi.

Mahindi yalipofika magotini nikaona imetosha. Nilifunga kibanda siku ya Jumanne, nikaenda Kamukuywa bila kusema, nia yangu nimfumanie. Nilikuta kufuli mlangoni. Ufunguo najua hukaa wapi, nyuma ya tangi la maji, chini ya tofali. Nikaingia moja kwa moja mpaka chumbani kwake na kuinua godoro, maana hati ya shamba iko hapo tangu baba alipokufa.

Hati ilikuwepo, imefungwa kwenye leso yake ileile. Ningekuwa na adabu ningeirudisha nikatoka. Lakini kando yake kulikuwa na mfuko wa nailoni nisioujua, nami nikaufungua. Ndani kulikuwa na kichupa cha mafuta meusi yenye harufu ya mizizi, na kadi ya hospitali. Hospitali ya Bungoma. Kadi ilisema uvimbe, titi la kushoto. Ilisema kipande kimetolewa kwa sindano kwenda kupimwa, na mgonjwa atapigiwa simu majibu yakifika. Chini ilikuwa namba ya mama, na chini yake, mahali pa jamaa wa karibu, ilikuwa namba yangu. Juu kabisa palikuwa na namba mbili za hospitali.

Nilitoa simu nikafungua orodha ya namba nilizozizuia. Nikazilinganisha tarakimu moja baada ya nyingine, kidole juu ya kadi, mara mbili, nikitumaini nimekosea. Zilikuwa zenyewe. Nilihesabu majuma, nikapata tisa. Nilikaa kwenye kitanda cha mama, na kilichonijia kwanza si mama, nasema ukweli. Kilichonijia kwanza ni kwamba kuna mtu atajua.

Pikapu ikaingia uani nikiwa bado nimekaa hapo. Mama akashuka na fundo la vitunguu, akaona mlango wazi.

"Umepitia wapi wewe?"

"Mlangoni." Nikanyoosha kadi. "Mama, hii ni nini?"

Aliitazama, kisha akautazama ule mfuko kwenye mkono wangu wa pili. Nilidhani atanifokea kwa kumpekua. Badala yake alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyetua mzigo, akafungua vifungo vya sweta.

Uvimbe wenyewe haukuwa mkubwa kama nilivyoogopa. Ngozi ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa imevutwa ndani upande mmoja, kama kitambaa kilichoshonwa na uzi uliokazwa mno.

"Haliumi," mama akasema. "Ndiyo sababu sijasumbua mtu. Kitu kisichouma ni ugonjwa gani?"

"Na mbona hukuja Kitale?"

"Nije Kitale? Nimvulie mkwe wangu nguo?"

"Si kuna wanawake pale! Kuna wengine, si yeye peke yake!"

"Na zile picha wanaangalia wapi? Si chumba kimoja? We mtoto, mimi nitapita njiani namna gani, mtu aniachie njia na ameshaniona kifua?"

Ni kweli, chumba ni kimoja. Nimekiona.

Akaniambia alienda Bungoma kwa sababu hakuna anayemjua. Walimchoma sindano, wakamwambia arudi nyumbani, watampigia. Akangoja wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Haikukuja simu," akasema. "Nikasema, kama kungekuwa na kitu wangepiga. Mtu akiwa mzima wanampigia wamwambie nini? Jumapili iliyofuata nikatoa shukrani kanisani, nikasimama mbele ya watu wote. Wewe hukupigiwa?"

"Hapana," nikasema. "Labda ni network."

Hilo neno lilitoka mdomoni mwangu, na halikukwama hata kidogo. Mama akatikisa kichwa, akaanza kufunga vifungo.

Mzee wa pikapu alikuwa bado amesimama uani, kofia mkononi. Nilitoka nikamkabili, maana hasira yangu ilikuwa inatafuta pa kutua.

"Na wewe baba unampeleka mama Suam kufanya nini? Hayo mafuta ni ya nani?"

"Mafuta gani?" Aliniangalia kwa mshangao ambao hata mimi, na shuku zangu zote, sikuona kasoro. "Mimi aliniambia anaenda kununua vitunguu. Mimi nilimwambia hospitali. Ni mimi nilimpeleka Bungoma ile mara ya kwanza, uliza yeye." Kisha akateremsha sauti. "Mke wangu alianza hivyohivyo. Tulipaka dawa za miti mpaka titi likapasuka. Tulipofika hospitali wakasema ugonjwa umeshashuka kwenye mifupa. Mama yako alipoanza kuvaa sweta mchana, mimi nikajua."

Kumbe hata yeye alifichwa dawa ya Suam nyuma ya vitunguu. Na mimi, bintiye, niliona sweta nikafikiria mwanamume. Nilimwomba radhi bila kumwambia kosa lenyewe, akasema hakuna neno.

Alhamisi tulikwenda Bungoma, mama na mimi. Kwenye dirisha la faili alikuwepo sista mnene mwenye miwani, na alipofungua tu mdomo, nikamjua. Ilikuwa ile sauti ya upole. Nikajifanya nimeingiwa na kikohozi, nikaongea kwa kunong'ona ili asinitambue. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akampa mama faili, maana pale mgonjwa hubeba faili lake mwenyewe toka dirisha moja hadi jingine, akasema, "Karibu mama, tumekungoja sana." Siku nzima nilimshuku: ananijua au hanijui?

Daktari alikuwa kijana mwembamba, na mimi nikamshuku kwa ujana wake. Alituambia bila kuzunguka. Si kila uvimbe kwenye titi ni saratani, akasema, na nyingi si saratani, ila huu ni saratani. Halafu akasema aina yake ni ile inayojilisha kwa homoni za mwili, na hiyo ina dawa zake za kuinyima chakula. Alibonyeza kwapa la mama akapata tezi mbili ngumu. Kwa hiyo umeshatoka kwenye titi umefika kwapani, akasema, lakini kwapani bado ni karibu. Kinachotakiwa sasa ni picha ya kuona kama umefika mbali: mapafu, ini, mifupa.

"Ana muda gani?" nikauliza.

"Siwezi kukupa namba."

"Hujui au hutaki?"

Mama akanikanyaga mguu. Daktari hakukasirika. Alisema kama haujaenda mbali, watatibu kwa nia ya kuuondoa kabisa, na akina mama wengi wa hali hiyo wanamaliza matibabu wanarudi shambani. Kama umeenda mbali, hautaondoka wote, lakini bado kuna dawa za kuuzuia, na watu wanaishi nao. "Ndiyo maana sikupi namba kabla ya picha," akasema, "na hata baada ya picha sitakupa. Nitakwambia tu tuko wapi."

Nilimngoja mama aende chooni, nikarudi mlangoni peke yangu. Nikamuuliza kama angekuja wiki tisa mapema ingekuwaje. Nilisema "angekuja". Sikusema "kama binti yake angepokea simu".

"Wiki tisa ni muda wa kujutia," akasema. "Lakini kama zimebadilisha kitu, mimi sijui, na hakuna kipimo cha kunionyesha. Mlete tu kila tukimwita."

Nilitoka nikiamini kwamba anajua na ananihurumia. Nilimuuliza mume wangu usiku huohuo, nikitaka angalau yeye anihukumu. Akanijibu maneno yaleyale karibu neno kwa neno, mpaka nikashuku wamepigiana simu. Huyu nilimwambia yote, kwamba simu zile zilikuwa za kweli, matusi pia. Akasema, "Unatafuta wa kumshuku? Anza na wewe." Ilinichoma, na ilinistahili.

Ukoo nao ukaingia. Mjomba alisema sindano ya Bungoma ndiyo iliyoamsha ugonjwa, ati uvimbe ukiguswa na chuma unatawanyika, na mamangu angeachwa vile alivyokuwa. Wengi walimwamini. Hata mimi nilimwamini kwa siku mbili, nasema wazi, kwa sababu ilinifaa: kama ni sindano, basi si mimi. Mume wangu ndiye aliyekaa na mjomba akamweleza kwamba ile sindano haiupandi ugonjwa mahali pengine. Bila kipande kile, akasema, daktari angekuwa anatibu gizani, hajui ni aina gani. Wanaosema chuma kimeua, mara nyingi mtu wao alikwenda hospitali amechelewa. Mjomba hakukubali, lakini alipunguza sauti.

Ikabaki picha. Mashine yenye nafasi ya karibu ilikuwa wapi? Kitale. Kwa mume wangu, chumba kilekile. Kwingine ni kungoja zaidi ya mwezi, na mimi neno kungoja lilikuwa linanitoa jasho. Mama akasema hapana, afadhali afe na heshima yake. Alisema hivyo akiwa ametulia kabisa, na ndicho kilichonitisha.

Mume wangu hakubishana na mila wala hakuicheka. Aliomba ruhusa kazini siku hiyo, akaondoka Kitale kabla ya jua kuchomoza, akaenda kukaa kwao siku nzima ili asiwe hata kwenye mji ule. Alimwomba mwenzake, mwanamke, apige picha, na daktari wa zamu mwingine azisome. Akampelekea mama ujumbe kupitia kwangu: "Mwambie sitakuwepo, na sitazifungua kamwe." Mama aliniuliza mara mbili kama nimemwona kwa macho yangu akiondoka. Nikamwambia nimemwona. Hapo akakubali kupanda kwenye kitanda cha mashine.

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Siku hizo nne nilimvizia mume wangu. Nilimtazama akila, akivua viatu, nikitafuta usoni pake dalili kwamba amechungulia. Yuko na ufunguo, yuko na kompyuta, nani asingechungulia? Nilipopokea bahasha na kusomewa na daktari kwamba mapafu safi, ini safi, mifupa safi, nilienda hadi geti la hospitali nikamwita.

"Haujaenda mbali," nikamwambia.

Alishika mlingoti wa geti, machozi yakamtoka hapo mbele ya askari wa mlangoni. Hakuwa amechungulia. Nilimwonea haya kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu.

Matibabu yalichukua karibu mwaka. Kemo kwanza, zile dawa za kutundikiwa mshipani, ili uvimbe unywee, kisha wakaondoa titi lote na tezi za kwapani, kisha mionzi Eldoret. Mimi nilikuwa naye kila mara, nikishuku kila kitu. Nilisoma jina lake kwenye kila mfuko wa dawa kabla haujafunguliwa. Ile dawa nyekundu ilipoanza kushuka nilimuuliza sista kama ina rangi ya kuongezwa. Nywele za mama ziliponyonyoka nilizishika nikitafuta ugonjwa mwingine. Wauguzi wakanipa jina, Mama Maswali, wakawa wananiita hivyo hata mbele ya daktari. Mama alitapika, akakonda, akasema mara moja tu kwamba amechoka na angependa kulala asiamke. Nilimshika mkono nikawa namwambia maneno ya kijinga kuhusu bei ya nyanya, maana ningesema lingine ningelitapika lile neno langu la network.

Na sista mwenye miwani tulikutana naye kila kliniki. Kila mara alikuwa mpole. Upole huo ulinitesa kuliko kama angenikemea.

Mwezi uliopita nilikwenda Kamukuywa. Nywele za mama zimerudi, laini na nyeupe. Mkono wa kushoto hauinuki vizuri, hivyo nilimwanikia nguo, kisha tukakaa uani tukichambua nyanya za soko. Nilimwona akimeza tembe yake kwa chai. Daktari amemwambia ugonjwa huu unaweza kurudi, ndiyo sababu ya tembe na ya kliniki, lakini kwa sasa hawaoni kitu. Nilikuwa nimeshakula kiapo kwamba siku hiyo nitasema.

"Mama, zile simu za Bungoma."

"Ehe."

"Hazikuwa network."

"Najua." Akatupa nyanya moja kwenye karai. "Nilisoma faili."

"Lini?"

"Siku ileile. Si nililibeba mwenyewe toka dirishani mpaka kwa daktari? Sista ameandika: amepigiwa mara tano, binti amekataa, ametukana. Nikasema huyu ni wetu. Ni nani mwingine angetukana watu wa hospitali?"

"Na hukusema kitu? Mwaka mzima?"

"Ningesema ungeanza kulia, na mgonjwa alikuwa mimi."

Nikaanza kulia kweli. Nilishuka kwenye kigoda nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia nisamehe mama, nisamehe, nilidhani ni wakora, haki ya Mungu nilidhani ni wakora.

"Hapana," mama akasema.

Nilidhani sikusikia. Akanitazama, na uso wake haukuwa na utani.

"Bado nimekasirika. Kila asubuhi nikimeza hii dawa nakasirika, halafu nakunywa chai yangu. Wiki tisa, wewe mtoto! Nilisimama kanisani nikashukuru kwa afya ambayo sikuwa nayo, na majibu unayo wewe, umeyafungia kwenye simu. Niinuke nikwambie nini? Ati yameisha? Hayajaisha."

"Yataisha lini?"

Aliinua mkono wake mzima akajifuta shavu. Kisha akauliza, "Hizi tembe walisema nitakunywa kwa miaka mingapi?"

"Mitano."

"Basi zikiisha, uje uniulize tena."

Nilitaka kumwambia kwamba daktari hakuahidi, kwamba alikataa kutupa namba yoyote. Lakini alikuwa ananitazama, anangoja.

"Nitakuja," nikasema.